Nipe vizibo vinne: namna ya kufundisha namba darasa la awali

Siku ya kufunga shule mtoto mmoja wa darasa langu alisimama mbele ya wazazi akahesabu moja hadi hamsini bila kukwama. Ukumbi mzima ukapiga makofi, bibi yake akanyanyuka akamtuza noti ya elfu moja. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekaa naye mkekani, bakuli la vizibo katikati yetu, nikamwambia, "Nipe vizibo vinne." Akachota konzi moja akanimwagia kiganjani. "Hivi ni vinne?" "Ndiyo, mwalimu." "Hebu vihesabu." Akavihesabu vizuri kabisa, mpaka kumi na moja, kisha akanitazama akisubiri nimsifu.

Mtoto yule hana kasoro. Alikuwa amekariri namba kama anavyokariri shairi, na bado hakuna mtu aliyekuwa amemwonesha kwamba neno "nne" linasema kitu kuhusu vile vizibo. Kazi hiyo ndiyo ya darasa la awali, na inachukua karibu mwaka mzima. Nafundisha watoto wa miaka minne hadi sita katika shule ya msingi mkoani Morogoro, na haya ninayoandika ndiyo ninayoyafanya na watoto wangu kuanzia Januari hadi Novemba. Mzazi naye anaweza kuyafanya nyumbani, tena kwa urahisi zaidi yangu, kwa sababu yeye ana mtoto mmoja au wawili mkekani.

Vitu vya kuandaa

Vizibo ndivyo vinavyobeba kazi yote. Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji ni bora kuliko vizibo vya bati vya soda, kwa kuwa bati lina meno na vidole vya watoto ni laini. Ukikosa vya plastiki, gonga ukingo wa vile vya bati kwa nyundo mpaka ulale. Darasa la watoto 60 wakikaa wawili wawili, kila jozi ikapata vizibo 20, linahitaji vizibo 600. Zinasikika nyingi, lakini mwambie mwenye duka la vinywaji na mama lishe wawili watatu wakuwekee, na waombe watoto walete kutoka nyumbani. Kabla ya mwezi kuisha utakuwa nazo. Zioshe kwa sabuni, uzianike.

Mahindi, kunde na maharage siyatumii tena. Nimeshampeleka mtoto zahanati na punje ya mahindi puani, na siku ile sitaki ijirudie.

Tafuta pia trei za mayai za karatasi, zile za mayai 30, manila, makapeni, chaki, mkeka au turubai, na makopo ya kuhifadhia. Basi. Vitu vya dukani vyenye rangi nzuri si vibaya, ila darasa linaweza kwenda bila hivyo.

Hatua ya kwanza: jua kila mtoto amefika wapi

Usianze kufundisha kabla ya kufanya hili. Mkae na mtoto pembeni, wawili tu, na bakuli lenye vizibo kama 15. Mwambie, "Nipe kizibo kimoja." Akikupa sawa, virudishe, sema, "Nipe viwili." Kisha vitatu, vinne, vitano. Kila namba mwombe mara mbili, maana mtoto anaweza kubahatisha. Akikosea, shuka namba moja chini uone kama pale amesimama imara. Usiseme "umekosea" wala usikunje uso. Sema "asante" na uendelee. Inachukua dakika mbili au tatu kwa mtoto.

Utakachokiona kitakushangaza kama kilivyonishangaza mimi. Kuna watoto wanaojua "moja" peke yake: ukiomba kimoja wanakupa kimoja, ukiomba namba nyingine yoyote wanachota konzi. Kuna wanaojua moja na mbili, wakifika tatu wanachota. Kuna wanaojua hadi tatu. Mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, alilieleza jambo hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, na walimu wengi tangu hapo wameliona kwa macho yao: mtoto hupanda ngazi hizi moja moja, na kati ya ngazi na ngazi miezi inaweza kupita. Kisha akishafika tatu au nne, kunatokea kuruka. Ghafla anaelewa siri ya kuhesabu yenyewe, kwamba neno la mwisho ndilo idadi, na kuanzia hapo anaweza kukupa vitano, sita, saba, hadi namba yoyote anayoweza kuitaja.

Kwa hiyo katika daftari langu kila jina lina namba pembeni: 1, 2, 3, au herufi J kwa aliyekwisha kuruka. Watoto kumi kwa siku, wakati wenzao wako kwenye kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye michezo ya kujifunzia. Wiki moja na siku mbili tatu darasa zima limekwisha. Daftari hilo ndilo linaloniambia Jumatatu nikae na nani. Nisipokuwa nalo, nitamsikiliza anayepiga kelele zaidi wakati wa kuhesabu kwa pamoja, na huyo mara nyingi hahitaji msaada wangu.

Hatua ya pili: kupanga na kulinganisha

Hapa usikae sana. Wiki mbili zinatosha, na mengine yataendelea yenyewe kwenye michezo. Watoto watenge vizibo kwa rangi, kisha kwa ukubwa. Wawape wenzao kila mmoja kimoja. Wapange vijiti kuanzia kifupi hadi kirefu. Waseme ipi nyingi, ipi chache, zipi sawa. Maneno haya matatu, nyingi, chache na sawa, yasemwe na mtoto mwenyewe kwa mdomo wake. Mwalimu anayeyasema peke yake siku nzima atakuwa amejifundisha mwenyewe.

Hatua ya tatu: kuhesabu kwa kusogeza

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walizitaja kanuni tano zinazobebwa na tendo hili tunaloliona dogo. Kila kitu kipewe neno moja, si mawili wala sifuri. Maneno yafuatane kwa mpangilio uleule siku zote. Neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Kitu chochote kinahesabika, hata mlio wa kengele. Na haidhuru umeanzia wapi, mwisho utakuwa uleule. Mtoto wetu wa siku ya kufunga shule alikuwa na mbili za kwanza. Ya tatu, iliyo roho ya namba, alikuwa bado.

Chora mstari wa chaki katikati ya sakafu. Vizibo vyote viwe upande wa kushoto. Mtoto ashike kimoja, akivushe mstari, ndipo aseme "moja". Cha pili akivushe, "mbili". Mkono na mdomo viende pamoja. Kugusa tu kwa kidole hakutoshi mwanzoni, kwa sababu kidole hukimbia kuliko mdomo, au mdomo huutangulia mkono. Kusogeza kunamlazimisha mtoto kutulia. Na vilivyokwisha kuhesabiwa viko ng'ambo, havimchanganyi tena.

Akimaliza, usimsifu haraka. Uliza, "Viko vingapi?" Sasa tega sikio. Mtoto akianza upya, "moja, mbili, tatu...", anakuambia kwamba kwake "vingapi" ni amri ya kuhesabu, na hajajua kwamba jibu amekwisha kulitaja. Wengi wataanza upya, tena na tena, hata ukiuliza mara nne. Ndivyo walivyo, usichoke.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kugeuza utaratibu: taja kwanza, kisha hesabu. Zungushia mikono vizibo vitatu, sema, "Hivi ni vitatu." Halafu hesabu ukisogeza: "Moja, mbili, tatu. Vitatu." Neno la idadi linatangulia, kuhesabu kunakuja kulithibitisha, na neno linarudi mwishoni likiwa limeshikamana na vitu vilevile. Fanya hivyo na sandali mlangoni, na madirisha, na vidole, na watoto waliosimama mbele. Mtoto ambaye daftari linasema yuko kwenye 2 mpe tatu kila siku, usimrundikie kumi. Ngazi inayofuata ndiyo anayoweza kuipanda.

Baada ya hapo mtie majaribuni kidogo. Panga vizibo vitano safu mbili zinazotazamana, kila kimoja na mwenzake. "Zipo sawa?" Atasema sawa. Kisha mbele ya macho yake tanua safu moja iwe ndefu. "Na sasa?" Wengi wa umri huu watasema safu ndefu ina nyingi. Jean Piaget wa Uswisi aliwauliza watoto swali la namna hii, na jibu limebaki lilelile mpaka kwenye mkeka wangu. Usibishane naye. Mwachie azirudishe mwenyewe ziwe kama mwanzo, atanue tena, arudishe tena. Kubishana na mtoto wa miaka mitano kunamfundisha kukutazama usoni ili ajue unachotaka kusikia.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia

Hili sisi walimu huwa hatulitaji, na mimi naliona ni hazina. Mtoto anapokariri anasema "moja, mbili, tatu". Anapozungumzia vitu halisi anasema vizibo vitatu, watoto watatu, mayai matatu. Kwa hiyo lugha yetu ina sura moja ya namba inayohesabu na sura nyingine inayobebwa na vitu. Mtoto anayehesabu "moja, mbili, tatu" kisha akajibu bila kusita "vitatu!", mimi nampa alama ya matumaini kwenye daftari, maana ametoka kwenye shairi akaingia kwenye vitu.

Kuna kigingi kimoja: sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ila nane inabadilika. Mtoto akisema "vizibo visita" anafuata kanuni aliyoigundua mwenyewe, na hiyo ni akili. Jibu tu, "Eeh, vizibo sita," mwendelee. Anayesema "vizibo tatu", labda kwa sababu nyumbani kwao wanazungumza lugha nyingine, naye asikatishwe. Idadi kwanza, sarufi itakuja. Na kama mtoto anahesabu vizuri kwa lugha ya mama yake, mwache ahesabu kwa lugha hiyo, kisha mwambie jina la Kiswahili la idadi hiyo. Idadi anayo tayari.

Hatua ya nne: kuona bila kuhesabu

Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Chora nukta: moja, mbili, tatu, baadaye nne na tano. Onesha kadi kwa sekunde moja, ifiche kifuani, uliza, "Umeona ngapi?" Binadamu huona tatu, na mara nyingi nne, bila kuhesabu, zaidi ya hapo jicho linahitaji msaada wa mpangilio. Kwa hiyo tano ichore kama ilivyo kwenye dadu ya ludo, nne pembeni na moja katikati, na sita kama safu mbili za tatu. Watoto wanaocheza ludo na kaka zao utawajua palepale.

Dakika tano kila asubuhi baada ya kuitana majina. Usizidishe. Watoto hupenda mno mchezo huu, na raha yao isigeuke mtihani.

Hatua ya tano: trei ya kumi

Trei ya mayai ina mistari mitano kwa sita. Ikate kwa kufuata ule upande wa sita, mistari miwili miwili, na utapata vipande vitatu, kila kimoja kina vishimo kumi: vitano juu, vitano chini. Trei moja, watoto watatu wamepata kifaa. Kipande hicho sisi darasani tunakiita trei ya kumi.

Mtoto aweke kizibo kimoja katika kila kishimo, ajaze safu ya juu kwanza. Akiwa na saba, anaona tano zilizojaa na mbili chini yake, na anaona pia vishimo vitatu vitupu. Muulize maswali yote mawili: "Viko vingapi? Vinakosekana vingapi ili ijae?" Swali la pili ndilo mama wa kutoa na kujumlisha, na mtoto analijibu kwa kutazama. Baada ya wiki kadhaa utamsikia mtoto akisema "tisa" kwa kuona kishimo kimoja kimebaki wazi, bila kuhesabu hata kizibo. Mara ya kwanza nilipolisikia nilisimamisha kipindi, nikamwomba awaeleze wenzake amejuaje.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia tena. Mtoto wa Kiingereza inambidi akariri majina ya 11 na 12 ambayo hayaoneshi kumi iko wapi. Sisi tunasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Jaza trei moja, weka vizibo vitatu nje yake, na sema unachokiona: kumi, na tatu. Jina ndilo picha. Tumia zawadi hii polepole. Watoto watunge wenyewe kumi na nne, kumi na tano, hadi kumi na tisa, kila mara trei imejaa na vingine viko nje. Nimewaona walimu wakizipita namba hizi mbio kwa kuwa "watoto wanazijua". Wanajua majina. Trei iliyo ndani ya jina bado.

Ukifika ishirini, mlango unafungwa. Ishirini, thelathini, arobaini ni maneno yaliyotujia kwa Kiarabu na mtoto hawezi kuziona kumi zilizomo. Kwa hiyo darasani ninasema kwanza "kumi mbili", trei mbili zimejaa, na baada ya siku kadhaa ninawaambia kwamba watu wazima kumi mbili huziita ishirini. Kwa darasa la awali nikifika hapo na watoto wameelewa, nimeridhika. Kuhesabu hadi mia kwa sauti waendelee, ni kuzuri kwa mdomo na wanafurahi, lakini sikuweki kwenye daftari.

Hatua ya sita: njia ya namba sakafuni

Chora kwa chaki vyumba kumi vilivyo sawa kwa ukubwa, vimefuatana kwa mstari mmoja, uandike 1 hadi 10 kuanzia kushoto. Mtoto arushe dadu yenye 1 na 2 tu (bandika karatasi juu ya dadu ya kawaida), kisha aruke idadi hiyo. Mchezo ni huo.

Kuna kitu kimoja cha kusimamia kwa ukali. Mtoto aliye kwenye 5 akipata 2, anaporuka aseme "sita, saba", yaani ataje vyumba anavyovikanyaga. Akisema "moja, mbili" mchezo unapoteza nusu ya faida yake. Robert Siegler na Geetha Ramani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, waliwachezesha watoto wa familia za kipato cha chini mchezo wa namna hii juu ya ubao mdogo, vipindi vinne vya dakika 15 ndani ya wiki mbili, na uelewa wao wa namba ulipanda waziwazi. Wenzao waliocheza mchezo uleule kwa rangi, bila namba, hawakupanda. Chaki haigharimu kitu, na sakafu tunayo.

Hapo ndipo pia mtoto anapohisi kwa miguu kwamba nane iko mbali na mbili na iko karibu na tisa.

Hatua ya saba: kuficha

Chukua vizibo vitano, wote wavihesabu. Funika kwa kopo, toa viwili wavione. "Ndani vimebaki vingapi?" Kisha inua kopo. Kila namba kuanzia tatu hadi kumi ina nyumba yake ya siri namna hii: tano ni nne na moja, ni tatu na mbili, ni tano na hakuna. Sifuri nayo huingia hapa bila vurugu. Kopo linainuliwa, hakuna kitu, jina lake sifuri.

Wakati wa mapumziko tazama wasichana wakubwa wanaocheza mdako. Kokoto moja iko hewani, huku mkono unazivuta zile za chini na kuzirudisha, akibakisha moja, mzunguko mwingine mbili, mwingine tatu. Wanagawa na kutoa kwa kasi ambayo kwenye karatasi ingewatoa jasho. Mimi huwaita wawili waje wawafundishe wadogo zao hatua ya kwanza tu, bila kurusha.

Na vidole visikatazwe. Nimesikia mara nyingi mtoto akiambiwa "hesabu kichwani, acha vidole". Vidole ndivyo trei ya kumi aliyozaliwa nayo, tano huku na tano kule. Atakapokuwa havihitaji ataviacha mwenyewe.

Hatua ya nane: kuandika tarakimu

Hii imewekwa mwishoni kwa makusudi, ingawa wazazi wengi wanaipima shule kwa madaftari. Mtoto anayejaza ukurasa mzima wa 4 huku hawezi kukupa vizibo vinne amefanya kazi ya mkono. Kwa hiyo tarakimu ije juu ya idadi aliyo nayo. Kwanza kadi: 4 upande mmoja, nukta nne upande wa pili. Aweke vizibo juu ya nukta, ageuze, aone alama. Kisha aichore kwenye mchanga kwa kidole, hewani kwa mkono mzima, mgongoni kwa mwenzake. Penseli ya mwisho.

Atageuza 2, 3, 5 na 7, na atachanganya 6 na 9. Hata mtoto wa miaka saba hufanya hivyo mara mojamoja. Mwoneshe mahali pa kuanzia kwa kuweka nukta ya rangi, na uendelee na safari. Asifokewe na asiguswe na fimbo kwa ajili ya 3 iliyotazama nyuma. Mtoto anayeogopa huacha kufikiri, akabaki anakisia, na hofu hiyo ya hesabu tunakuja kuikuta imekomaa akiwa darasa la nne.

Duka, maumbo na mengineyo

Kila darasa la awali lina kona ya duka, au linaweza kuwa nayo kwa maboksi matupu ya sabuni na pakiti za chumvi. Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kuanza na sarafu. Sarafu ya shilingi 200 ni kitu kimoja, mtoto anakiona kimoja, na wewe unamwambia ni mia mbili. Anza kwa bei ya vizibo: sabuni vizibo vitatu, chumvi viwili. Mnunuzi ahesabu akilipa, muuzaji ahesabu akipokea, na wakigombana wape muda wamalize wenyewe, maana ugomvi wa hesabu una faida. Sarafu zije muhula wa pili, na hapo watoto wanaotumwa dukani watawafundisha wenzao.

Maumbo na ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, wape kupitia vitu wanavyoviona: pindo la kanga, ukili wa mkeka, shanga nyekundu nyeupe nyekundu nyeupe. Swali ni moja, "Inayofuata ni ipi, na umejuaje?" Kupima nako kuwe kwa hatua za miguu na vikombe vya maji. Sentimita zina wakati wake.

Darasa likiwa na watoto wengi

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wengi wetu tunao mara mbili au tatu ya hao. Mimi nagawa makundi manne. Kundi moja liko na mimi mkekani na vizibo kwa dakika 20, mengine yako kwenye kona: duka, ujenzi kwa maboksi, na njia ya namba nje ya mlango. Kesho tunazungusha. Kila kona ina kiongozi kutoka kwa watoto wenye J kwenye daftari, na kazi yake ni moja, kuuliza "viko vingapi?" Siku mbili za kwanza kuna makelele. Wiki ya pili wanajua njia.

Vizibo virudishwe kumi kumi. Kila jozi ijaze trei zake mbili kabla ya kumimina kwenye kopo. Vizibo havipotei, na kila siku wamehesabu mara moja zaidi bila wewe kuliita somo.

Kurudia kipimo

Mwezi Juni, na tena Novemba, rudia "nipe" ya hatua ya kwanza, uandike namba mpya karibu na ile ya zamani. Aliyebaki palepale tangu Januari kaa naye dakika tano kila siku kwa wiki tatu, kwenye ngazi yake inayofuata tu. Mwite na mzazi. Usimwambie mtoto wake ni mzito, mwambie, "Jioni mwachie yeye apange sahani, aulize watu wako wangapi."

Kipimo changu cha mwisho hakina vizibo. Saa ya uji namwita mtoto, namwambia, "Leta vikombe vya kutosha kundi lako." Simtajii namba. Inambidi ahesabu watu, aibebe idadi hiyo kichwani mpaka kwenye beseni upande wa pili wa darasa, na achukue vikombe vya idadi hiyohiyo bila kuwaona wenzake. Mwaka jana mtoto mmoja, ambaye Januari alikuwa kwenye 1, alihesabu kundi lake kimya kimya akiwagusa mabega, akaenda, akarudi na vikombe saba. Kundi lake lilikuwa la watu sita. Niliinua kalamu kuandika. Akagawa sita, cha saba akakiweka mbele yangu, akasema, "Na wewe, mwalimu."